Siku Sita Dubai na Ra ya Bergen

Mombasa hadi Dubai

Shoga zangu wa darasa la Alhamisi, mlioniuliza habari za Norwe, niwieni radhi. Kila nikianza kuzieleza najikuta nimo Dubai, na mmoja wenu hunikata kalima: "Mwalimu, tumekuuliza Bergen, mbona watuweka Rashidiya?" Basi nimeona niandike, maana karatasi haina haraka. Mambo ya viza na tiketi nayaruka. Yalinichosha mara ya kwanza, sina haja ya kuchoka tena.

Nyinyi mwajua nilikuwa nakwenda kwa nani, lakini barua hii huenda ikasomwa na asiyejua. Mwanangu Munir alikwenda Norwe angali kijana, akapata kazi kwenye vivuko vya mji wa Bergen, akaoa mwenyeji wa huko aitwaye Marit, wakajaaliwa binti mmoja. Miaka miwili na ushei iliyopita Munir alifariki kwa maradhi ya moyo, akazikwa huko huko. Mimi nilikuwa sijamwona mkewe wala mtoto, ila kwa picha. Mwaka huu wa 2010 Marit aliniandikia: njoo Aprili, mtoto anakuulizia. Mtoto ametimiza miaka sita.

Furaha niliyokuwa nayo ilikuwa na hofu ndani yake. Marit anajua Kiingereza. Mimi Kiingereza changu ni cha shule ya msingi ya zamani, kile cha kuomba ruhusa ya kutoka nje. Mtoto ana Kinorwe peke yake. Aliyekuwa atufasirie sote watatu ndiye aliye kaburini.

Kutoka Mombasa hadi Nairobi nililala. Kutoka Nairobi hadi Dubai nilikaa baina ya wafanyabiashara wawili wa Malindi waliobishana njia nzima juu ya bei ya vitambaa, juu ya kichwa changu, kama kwamba mimi ni ukuta. Nikawaambia wabadilishane nami kiti wakae pamoja. Wakakataa, wakasema hawasemezani.

Uwanjani

Dubai niliteremka asubuhi. Nilikuwa nikae saa tatu tu, kisha nipande ndege ya Ulaya. Nilipofika chini ya ule ubao wa ndege niliona mistari mingi myekundu, na watu wamesimama wameukodolea macho kimya, kama watu wanaosoma majina ya waliofeli mtihani.

Binti mmoja mwenye sare ya usafi alinisikia nikisema "La haula" kwa lafudhi yetu. Akaja mbio. "Mamangu, watoka Mombasa? Mimi wa Likoni. Hizi flaiti za Europe zote zimekanseliwa. Kuna mlima huko juu umelipuka, moshi umejaa angani, ndege hazipiti."

"Mpaka lini?"

"Hata wao hawajui, mama. Wanasema tu inshallah." Akanitafutia kiti, jambo ambalo siku ile lilikuwa kubwa kuliko dhahabu, maana watu walikuwa wamelala chini juu ya mabegi yao.

Kiti cha pili alikikalia mama wa Kizungu, mtu mzima wa rika langu, mnene kidogo, na buti za manyoya katika joto lile. Alikuwa anafuma soksi. Tulikaa saa nzima bila neno. Kisha akanipa nusu ya chungwa lake, nami nikampa kaimati zangu, tukaanza kuulizana majina.

"Rukia," nikasema.

Yeye akasema jina lake. Baadaye niliona limeandikwa Torborg, lakini siku ile sikuliona, nililisikia. Nami nililisikia hivi: Toghbogh. Atoka wapi? Beghgen.

Miaka thelathini na zaidi nimekaa mkekani nikisikiliza vinywa vya watoto wakisoma Kurani. Nimewafundisha herufi itokeapo: hii ncha ya ulimi, hii mzizi wa ulimi, hii kooni. Ghaini ni ya juu ya koo, na wengi huwashinda, huishia kusema ga. Na huyu mama wa Kizungu, mdomoni mna chungwa, ameitoa mara tatu, safi kabisa.

Nikamuuliza kwa Kiingereza changu: "Nani alikufundisha?"

Akaninyanyulia soksi. "Mama yangu," akajibu. "Nilikuwa na miaka saba."

Ilituchukua muda kuelewana kwamba siulizi kufuma. Nilimwonyesha koo langu, nikasema gh, gh, gh, mpaka baba mmoja aliyelala chini akajifunika uso kwa gazeti. Torborg akafahamu, akacheka. Akanieleza kwamba kile ninachokiita gh kwao ni ra. Mashariki ya Norwe watu huitoa ra kwa ncha ya ulimi, kama mimi. Lakini Bergen, na pwani ile ya magharibi, ra imerudi nyuma kooni. Alikuwa mpokea simu wa hospitali kwa miaka mingi kabla ya kustaafu, na mtu akisema neno moja tu yeye alijua anapiga simu kutoka upande gani.

"Na watoto?" nikauliza. "Watoto wa Bergen nao husema hivyo?"

"Watoto ndio hasa. Mtoto wa Bergen asiyesema hivyo, watu watamwuliza amehamia lini."

Nilifumba macho. Torborg alidhani nimechoka, akarudi kwenye soksi yake.

Sasa nawaambia nilichokikumbuka, na sikuwahi kumwambia mtu. Siku moja Munir alinipigia simu, akampa mtoto tuzungumze. Mtoto alikuwa na miaka mitatu. Akasema kwa sauti ndogo: "Bibi, habaghi?" Babake alikuwa amemfundisha Kiswahili cha salamu. Mimi badala ya kujibu "nzuri", nilimwita Munir nikamwambia: "Mjukuu wa mwalimu hana ra? Umemwacha ulimi umeharibika. Mfundishe kwanza, halafu ndipo unipe nizungumze naye." Munir alicheka kile kicheko chake cha puani, akasema, "Haya, mama." Tangu siku hiyo hakunipa mtoto tena kwenye simu. Baada ya miezi minane tukaletewa habari ya kifo chake.

Kumbe mtoto hakuwa na ulimi ulioharibika. Alikuwa anasema kama mji wake mzima.

Rashidiya

Alasiri hoteli zote zilikuwa zimejaa. Nikampigia simu Zuwena, binti wa mama yangu mdogo, aliyeolewa Unguja zamani na kuhamia Dubai na mumewe. Wana nyumba Rashidiya, karibu na uwanja, na Kiunguja chake hajakipoteza hata chembe. Alikuja na gari, akanikumbatia, akalia kidogo, kisha akamtazama Torborg aliyesimama nyuma yangu na buti zake.

"Na huyu nani?"

"Rafiki yangu."

"Tangu lini?"

"Tangu asubuhi."

"Ewe Rukia hubadiliki," akasema. "Haya, mwambie apande. Uwanjani si mahala pa kulala mtu mzima."

Chakula cha siku ile sitakisahau. Zuwena alipika pweza wa nazi na mkate wa kumimina. Alipompakulia Torborg, mgeni akasema kwa adabu, "Takk." Zuwena akafurahi. "Anataka! Masikini, ana njaa." Akamwongeza. Torborg akasema tena, "Takk, takk!" Akaongezwa vipande viwili vya pweza. Sahani ya tatu mgeni alikuwa anatokwa jasho, anaweka mkono juu ya sahani na bado anasema takk, na Zuwena anamsogeza ule mkono taratibu kama mtu anayejua wageni huona haya. Mimi nilikuwa nimeanza kufahamu, lakini nilikuwa nacheka siwezi kusema. Takk kwao ni ahsante.

Tukakaa siku ya pili, ya tatu, ya nne. Kila asubuhi tulipiga simu uwanjani, kila asubuhi tukaambiwa moshi bado. Tulikaa jikoni kwa Zuwena na chai ya tangawizi, na hapo ndipo niliposoma Kinorwe. Siku ya kwanza ya somo Torborg aliniuliza jina la mjukuu wangu. Nikamwambia: Ingiridi.

"Nani?"

"Ingiridi." Nikamtolea barua ya Marit. Akasoma, akaweka miwani chini, akalisema jina. Nikamwomba arudie. Akarudia. Nikachukua kalamu ya Zuwena nikaandika nyuma ya bahasha, kwa herufi zetu: Ing'ghi.

Ile d ya mwisho hawaitamki. Ng ya katikati ni ng' yetu ya ng'ombe, haina g ndani yake. Na ra ni ile ghaini. Miaka sita nilikuwa namwita mtoto kwa jina ambalo si lake, na sauti zote za jina lake zilikuwa mdomoni mwangu tangu nizaliwe. Nilisema mara ya kwanza tu, Torborg akapiga meza kwa kiganja. "Sasa wewe ni mtu wa Bergen!"

Zuwena akataka na yeye mgeni afundishwe. "Sema ng'ombe," akamwambia. Torborg akasema "ningombe". Akajaribu tena, "engombe". Sauti ni ile ile ya katikati ya Ingrid, lakini kwao ng' haianzi neno hata siku moja, na ulimi wake ulikataa katakata kuianza. Zuwena alicheka mpaka akakaa chini sakafuni. Jioni ile tulimsikia kupitia mlango wa chumba chake, mtu mzima yuko peke yake, anajaribu ng'ombe.

Msidhani lakini kwamba mimi nilifaulu yote. Kuna sauti wanaiandika kj. Si sh, wala si kh ya kheri. Iko baina ya hizo mbili, kama mtu anayepuliza chai ya moto na ulimi umeinuka. Hiyo ilinishinda. Torborg alinifariji kwa uchungu: hata wajukuu zake imewashinda, wanasema sh tu. "Vijana wa Bergen wanaiua kj," akasema, amenuna. "Nawakosoa kila siku. Sasa hawapendi kunipigia simu."

Nilimmiminia chai.

Satwa

Siku ya tano niliona aibu kwenda kwa mjukuu na kofia tu niliyonunua Mombasa. Nilikuwa na doti ya kanga begini. Zuwena akasema Satwa kuna mafundi cherehani wanaoshona gauni wakati mtu anakunywa juisi. Tukapanda metro, sote watatu, behewa la wanawake. Gauni kwa Kinorwe ni kjole, basi Torborg akaona ndio wakati wa darasa. Nilijaribu: hh, shh, khh. Dada mmoja wa Kifilipino aliyesimama mbele yetu alifungua mkoba wake akanipa chupa ya maji, akanipigapiga mgongoni. Nilikunywa. Ningefanyaje?

Fundi alikuwa mzee wa Kipakistani mwenye tepu shingoni. Akauliza kipimo. Mimi kipimo sikuwa nacho. Nikaweka mkono hewani kwenye kiuno changu. Torborg akaushusha. Nikaupandisha. Fundi akatutazama mmoja mmoja.

"Madam, huyu mtoto wa nani?"

"Wangu mimi."

"Na hujui urefu wake?"

Zuwena akaingilia haraka, akasema kwa Kiarabu mtoto yuko mbali. Fundi hakuuliza tena. Alikata kitambaa, akaacha upindo mpana chini, akanionyesha kwamba unaweza kushushwa kila mwaka mtoto anapokua. Mzee yule alinifahamu. "Bukra, inshallah," akasema, yaani kesho.

Kesho yake asubuhi, kabla hatujanywa chai, simu ikalia: njia imefunguka, njooni uwanjani sasa hivi. Tukapitia Satwa kwanza, Zuwena anaendesha na kupiga honi na kusema "yalla, yalla" hata kwa taa nyekundu. Gauni halikuwa limekwisha, mkono mmoja haujapindwa. Torborg akamwomba fundi sindano na uzi, tukaondoka.

Uwanjani Zuwena alinishika mikono. Hatujui tutaonana tena lini, umri wetu si wa kuahidiana. "Mama yetu angelijua," akasema, "kama mtaa wetu ule mmoja umetawanyika hivi." Tulikumbuka kibaraza cha mama mdogo pale Mombasa, sote kwenye mkeka mmoja, na yule mwalimu wetu aliyetufundisha ghaini kwa kutusukutuisha maji. Kisha akageuka kwa Torborg, akamwambia kwa Kiswahili, polepole, kama kwamba polepole itasaidia: "Karibu tena nyumbani."

"Takk," akasema Torborg. Zuwena akacheka na machozi yanamtoka. "Huyu bado anataka!"

Dubai hadi Bergen

Ndege ilijaa watu wasiooga, wenye furaha. Torborg alipinda ule mkono wa gauni juu ya mawingu. Tulibadilisha ndege Amsterdam, tukakaa saa tano, tukala supu ya njegere nzito kama uji wa mgonjwa. Kadiri tulivyokaribia kwao ndivyo alivyopunguza maneno. Nilimuuliza ana nini. Akasema nyumbani kwake hakuna mtu. Mumewe alishakufa, wajukuu wako mji mwingine. Siku sita alikuwa amezoea kelele za jikoni.

"Wapigie simu wewe," nikamwambia. "Na wakisema sh, usiwakosoe."

Sikumweleza sababu, Kiingereza changu hakikufika huko.

Bergen tulipokewa na mvua. Kwenye mlango wa kutokea Torborg alinikumbatia, akanipa zile soksi, akaniuliza mara ya mwisho: "Jina la mtoto?" Nikalisema. Akaitikia kwa kichwa, akaenda zake na begi lake.

Bergen

Marit ni mrefu, mwembamba, macho yamechoka. Alinishika mabega akasema, "Mama yake Munigh," na nilipolisikia jina la mwanangu likiishia kooni vile, nilijua kwamba hivyo ndivyo alivyoitwa kila siku ya maisha yake katika mji ule, akiamshwa, akiitwa chakula, akipendwa. Nikalia hapo hapo, kwenye milango ile inayofunguka peke yake, ikawa inafunguka na kujifunga.

Mtoto alikuwa nyuma ya koti la mamake. Nikachutama.

"Ing'ghi," nikasema.

Akatoa kichwa. Ana paji la uso la Munir. Akasema maneno mengi mfululizo, kwa furaha, na mimi sikufahamu hata moja. Marit akacheka: "Anafikiri unajua Kinorwe. Unasema kama jirani yetu."

Nilikaa wiki tatu. Nilikwenda kaburini, mahali pa majani mabichi, mvua haikatiki, nikasoma nilichokwenda kusoma. Nilikula viazi kwa samaki, na samaki kwa viazi, na jibini ya rangi ya kahawia yenye ladha ya halua iliyoungua. Mtoto alivaa gauni la kanga juu ya sweta kila siku mpaka Marit akalificha lifuliwe. Tulielewana kwa vidole, kwa picha, kwa kuvutana. Akinionyesha gauni alisema "shole". Nami nikasema shole.

Siku mbili kabla sijaondoka, tulikuwa tumekaa jikoni mchana, mtoto anakula. Nilikuwa nimeyapanga maneno yangu ya Kiingereza tangu asubuhi. Nikamwambia Marit kuhusu ile simu, nilichosema juu ya ulimi wa mtoto, na kwamba najua Munir alikasirika, ndiyo maana hakunipa mtoto tena. Nikamwomba radhi.

Marit hakunielewa mwanzo, nikarudia. Halafu akaweka kijiko chini.

"Hakukasirika," akasema. "Alikuwa anamfundisha. Kila jioni walisimama mbele ya kioo cha bafuni, yeye na mtoto, wakitoa ndimi. Alitaka apige simu siku mtoto atakapoweza, akushtue. Walipata neno moja tu, kisha..." Akamgeukia mtoto akamwambia kitu kwa Kinorwe.

Ing'ghi akapangusa mdomo. Akashuka kwenye kiti, akasimama wima, mikono ubavuni, vile vile wanavyosimama wanafunzi wangu chuoni; hilo nalo alifundishwa na babake. Akavuta pumzi. Niliona ncha ya ulimi ikipanda nyuma ya meno.

"Bibi Rrrrukia," akasema.

Mnaosoma tajwidi mnajua kwamba ra ya namna ile ina kosa. Ra haitetemeshwi hivyo, ulimi hugonga mara moja ukatulia. Kosa hilo nimewarudisha nalo nyinyi wenyewe mara ngapi, wengine mkaenda nyumbani mkilia. Mtoto alikuwa ananitazama, shingo imekaza, anangoja.

"Sahihi," nikamwambia. "Sahihi, mwanangu. Hebu sema tena."